Sarafu Iliyokosewa na Sarafu Iliyoumia

  Wasikilizaji mlioko jikoni mkingoja maharage yaive, ongezeni sauti kidogo, kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yanaanza na mlio.

Sikilizeni. Naiangusha sarafu mezani. Mmeisikia? Hiyo ni senti ishirini ya Tanzania ya mwaka 1966, ile yenye mbuni. Imelia kama kengele ndogo. Sasa naiangusha nyingine. Hii mlio wake ni mzito, umekatika mapema. Hii ni hela ishirini ya Mjerumani, iliyopigwa chapa Tabora mwaka 1916. Tangu siku ilipotoka kiwandani haikuwa nzuri. Taji lake limesogea upande, ukingo wa kushoto ni mnene na wa kulia karibu haupo, na usoni pake kuna mstari mwembamba unaoanzia ukingoni ukapotea kabla haujalifikia taji. Mstari huo tutaurudia mwisho wa mazungumzo. Msiusahau.

Leo basi tunazungumza juu ya ila za sarafu za zamani: jinsi ya kuzitambua, na jinsi ya kujua kama zina thamani. Nimelichagua jambo hili kwa sababu watu wananiuliza karibu kila juma. Mtu ana sarafu ya marehemu babu yake, ameona herufi imefutika au ukingo umepinda, na jirani amemwambia kuwa sarafu zilizokosewa zinauzwa mamilioni. Anakuja na matumaini yote usoni. Nami naichukua ile sarafu, naigeuza kwenye mwanga, na mara nyingi inanibidi nimwambie: ndugu yangu, sarafu yako haikukosewa, iliumia.

Kukosewa na kuumia. Shikeni maneno hayo mawili, ndiyo mazungumzo yote ya leo. Sarafu iliyokosewa ilitoka kiwandani na ila yake. Sarafu iliyoumia ilitoka kiwandani salama, kisha ikakutana na dunia: ikakanyagwa na gari, ikatobolewa iwe kidani, ikapigwa nyundo na mtoto, ikafukiwa kwenye udongo wa chumvi miaka arobaini. Mkusanyaji hulipa kwa ajili ya ile ya kwanza. Ya pili, kwa kawaida, hupoteza hata ile thamani iliyokuwa nayo.

Sasa utazitofautishaje? Hapo lazima tuingie kiwandani kwanza. Mama zangu mnaopika biskuti au vileja nyumbani mtanielewa haraka kuliko wahandisi. Unasukuma unga uwe bapa, sivyo? Halafu unachukua glasi, unaigandamiza, unatoa duara. Unasogeza glasi, unatoa duara jingine. Kiwanda cha sarafu kinafanya hivyo hivyo na bamba la shaba au nikeli. Kinakata viduara vitupu, kisha mashine inavibana pembeni ili vipate ukingo ulioinuka. Baada ya hapo kila kiduara kinawekwa katikati ya chapa mbili za chuma kigumu, moja chini na moja juu, kikazungushiwa pete ili madini yasitawanyike. Chapa ya juu inashuka kwa nguvu nyingi, mara moja, na sarafu imezaliwa. Kichwa cha mfalme upande mmoja, simba upande wa pili.

Kila hatua kati ya hizo ina makosa yake. Rudini kwenye unga. Ukiisogeza glasi kidogo tu, ikapanda juu ya tundu la duara lililotangulia, unapata nini? Biskuti iliyong'atwa, yenye pengo la mwezi mchanga pembeni. Sarafu nazo hutokea zikiwa zimeng'atwa hivyo. Na hapa kuna siri ambayo mtu anayetumia tupa kutengeneza ila ya uongo hawezi kuiiga kirahisi. Kiduara chenye pengo kinapopita kwenye mashine ya kubana ukingo, upande ulio mkabala na pengo haubanwi sawasawa, kwa sababu huku kwingine hakuna kitu cha kusukumana nacho. Kwa hiyo ukiona sarafu iliyong'atwa, usiangalie pengo. Angalia upande wa pili. Kama ukingo wa kule ni dhaifu, umefifia, basi una dalili nzuri. Kama umekamilika kabisa, uliza nani alikuwa na tupa.

Kosa jingine ni chapa kwenda kando. Mnaijua mihuri ya ofisini. Karani ana haraka, anagonga muhuri nusu juu ya karatasi na nusu juu ya meza. Sarafu nayo inaweza kukaa vibaya kati ya chapa mbili ikapigwa nusu, sehemu iliyobaki ikabaki tupu kama uwanja. Lipo pia kosa ambalo mimi nalipenda kuliko yote, ingawa nimelishika mkononi mara mbili tu maishani. Sarafu moja inakataa kutoka, inabaki imenasa kwenye chapa ya juu. Kiduara kinachofuata kinaingia, na badala ya kupigwa na chapa kinapigwa na mgongo wa mwenzake. Matokeo yake ni sarafu yenye picha ya kawaida upande mmoja, na upande wa pili picha ile ile lakini imezama ndani, na maandishi yamegeuka kama unavyoyaona kwenye kioo. Ukiikuta hiyo kwenye kopo la bibi, kaa chini kwanza.

Halafu kuna ufa. Chapa ni chuma, na chuma kinachogonga maelfu ya mara huchoka kikapasuka. Kikishapasuka, kila sarafu inayopigwa inaubeba ule ufa. Lakini unaubebaje? Fikirini vizuri hapa. Ufa kwenye chapa ni bonde. Madini yanaposukumwa yanaingia katika lile bonde. Kwa hiyo kwenye sarafu ule ufa hauonekani kama mkwaruzo. Unaonekana kama uzi uliovimba. Pitisha ukucha, utausikia.

Nitalisema tena polepole, kwa wale waliokuwa wanapita na baiskeli. Kilichovimba kilitoka kwenye chapa. Kilichozama, mara nyingi, kilitoka mtaani. Mkwaruzo wa msumari huzama. Jino la mbwa huzama. Ufa wa chapa huvimba. Vipo vighairi, mathalani uzi au kitambaa kikiangukia kati ya chapa na kiduara huacha alama iliyozama, na hiyo pia ni ila halali. Lakini ukianza na kanuni hii ya ukucha utakuwa umeshapunguza sarafu tisa kati ya kumi unazoletewa.

Sasa naomba twende Tabora.

Mwaka 1916 vita vikuu vya kwanza vilikuwa na karibu miaka miwili tangu viifikie nchi hii. Meli za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani. Kabla ya vita, fedha za Mjerumani za Afrika Mashariki zilikuwa zikipigwa chapa Berlin na Hamburg, ndiyo maana ukizikuta, kwenye nyingi utaona herufi ndogo A au J: A ni Berlin, J ni Hamburg. Lakini sasa hakuna meli iliyokuwa ikileta sarafu kama zamani. Askari lazima walipwe, wapagazi lazima walipwe, chakula kinunuliwe sokoni, na watu wa vijijini hawakuwa na imani na karatasi. Kwa hiyo serikali ya Mjerumani, iliyokuwa imehamia Tabora, ikaamua kupiga chapa sarafu zake hapo hapo, katika karakana ya reli. Karakana ya reli, wasikilizaji! Mashine zilizokusudiwa mabehewa. Reli yenyewe ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 tu.

Madini yalitoka wapi? Shaba ikaokotwa ilikopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Ndiyo maana hela ishirini za Tabora zipo za rangi mbili, nyingine za njano na nyingine nyekundu. Hilo si kosa. Nasisitiza, kwa sababu nimeshasikia mtu akiambiwa kuwa yake nyekundu ni "ila ya madini". Rangi zote mbili zilikusudiwa, yalitumika madini yaliyokuwepo. Chapa zenyewe zilichongwa kwa mkono, zikachakaa haraka, zikachongwa nyingine, na zile nyingine hazikufanana na za kwanza. Mkichukua hela ishirini mbili mkaziweka sambamba mnaweza kuona taji la moja ni kubwa na la nyingine dogo. Angalieni neno HELLER upande wa pili: herufi L katika baadhi ya sarafu zina ncha iliyojikunja kama mkia wa nge, na katika nyingine zimechongoka. Wakusanyaji wanazipanga kwa hayo, taji kubwa na mkia huu, taji dogo na mkia ule, na mpangilio mmoja ni adimu kuliko mwingine.

Kwa hiyo hela za Tabora ni shule nzuri kuliko zote ya ila za sarafu. Karibu kila kosa nililolitaja utalikuta humo. Zipo zilizopigwa kando. Zipo nyembamba kuliko wenzao. Zipo zenye nyufa za chapa kama ramani ya mito. Zipo ambazo upande wa mbele na wa nyuma hazikuelekeana. Hilo la mwisho unaweza kulipima hapo ulipo. Chukua sarafu ya zamani, ishike juu na chini kwa kidole gumba na cha shahada, uso ukiwa wima, kisha ipulize au izungushe ikugeukie mgongo. Kama mgongo nao umesimama wima, iko sawa, maana ndivyo zilivyopangwa sarafu za Mjerumani na za Mwingereza huku kwetu. Kama mgongo umelala au umesimama kwa kichwa, chapa moja ilikuwa imezunguka mahali pake. Nimeziona hela za Tabora zilizozunguka robo nzima.

Lakini hapo hapo pana somo la thamani. Kwa sababu makosa ya Tabora ni mengi, kosa dogo haliongezi bei. Hela ishirini ya kawaida iliyotumika inauzwa kwa dola chache, au makumi kama ni safi. Ufa mdogo haubadilishi hayo. Ili ila ya sarafu ya Tabora ipandishe bei lazima iwe kubwa, ionekane kwa mkono ulionyooshwa, na sarafu yenyewe iwe inasomeka. Senti ishirini yetu ya 1966 iliyopigwa nusu kando ingekuwa ajabu kubwa zaidi, kwa sababu kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa na wakaguzi.

Karakana hiyo hiyo ilipiga chapa pia sarafu ya dhahabu ya rupia kumi na tano, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima. Ni kitu kizuri mno. Nayo ina tofauti yake ya chapa: pambo la kulia, lile linalojikunja chini ya maandishi, katika nyingine linaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya A. Hii haiuzwi kwa makumi, inauzwa kwa maelfu ya dola, na kwa hiyo bandia zake zimejaa. Mtu akikupa rupia ya tembo kwa bei ya mbuzi, jua hiyo si ya Tabora. Wabelgiji wakitokea Kongo waliuteka mji tarehe 19 Septemba 1916, na kiwanda kile cha muda kikawa kimekwisha. Umri wake haukufika mwaka. Neno lenyewe, hela, tumebaki nalo. Hata kijana anayetuma hela kwa simu anaitaja sarafu ya Mjerumani bila kujua, kama tunavyoitaja paisa ya Kihindi kila tunaposema pesa.

Nimekaa Tabora sana, najua. Tusogee.

Kuna sarafu ambazo watu wanadhani zimekosewa, na hazikukosewa. Tuanze na senti kumi yenye tundu ya mwaka 1936, ya Afrika Mashariki ya Mwingereza. Juu yake limeandikwa jina la Edward VIII. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936 kabla hajatawazwa, na Uingereza yenyewe haikumtolea sarafu za matumizi ya kawaida zenye sura yake. Kwa hiyo mtu akisoma habari zake anaruka: sarafu ya mfalme ambaye hakuvikwa taji, hii lazima ni kosa! Hapana. Senti zetu zenye tundu hazikuhitaji sura ya mfalme, jina lilitosha, kwa hiyo zilitengenezwa mapema na kwa wingi. Ni ukumbusho mzuri wa historia, na bei yake ni ndogo. Hadithi kubwa haimaanishi bei kubwa.

Nyingine ni herufi ndogo zilizojificha karibu na mwaka: H, KN, I, SA. Si alama za makosa. Ni viwanda: Heaton na Kings Norton kule Birmingham, Bombay, na Pretoria wakati wa vita vya pili. Nyingine tena ni pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye mizani. Kijana mmoja aliniletea akasema ina miaka zaidi ya mia saba, kwa sababu imeandikwa 1299. Nikamwambia, hiyo ni Hijria, mwanangu. Kwa hesabu ya Kizungu ni 1882. Na riale ya Maria Theresa inayosema 1780? Malkia alikufa mwaka huo, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa chapa na mwaka ule ule kwa vizazi vingi, katika viwanda vya nchi mbalimbali, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani, Uhabeshi na Uarabuni hawakutaka nyingine. Mwaka wake haukuambii umri wake.

Sasa bandia. Wapo wanaotengeneza ila. Maarufu ni sarafu ya vichwa viwili, kichwa mbele na kichwa nyuma. Watu huiona kama muujiza. Hutengenezwa kwa sarafu mbili: moja inachongwa ndani iwe kama kisahani, ya pili inapunguzwa iingie ndani yake, zinagandishwa. Waganga wa viinimacho huzitumia. Utaitambuaje? Angalia kwa makini pale ukingo unapokutana na uso, utaona mstari wa maungio. Na iangushe mezani. Mmekumbuka nilivyoanza? Sarafu iliyounganishwa haina mlio, inasema "tap" kama kigae. Kisha ipime. Kila aina ya sarafu ina uzito wake unaojulikana, na mizani ndogo ya sonara itakuambia mengi kuliko mimi.

Senti zenye tundu nazo zina ila zake za kweli: tundu lililokwenda kando, au tundu ambalo halikutobolewa kabisa. Hizo zinatafutwa. Lakini kumbukeni kwamba tundu lilitobolewa kabla ya kupigwa chapa. Tundu la kiwandani, hata likiwa kando, lina mdomo laini na madini yanayolizunguka yametulia. Tundu lililotobolewa baadaye kwa ajili ya kamba lina mdomo uliokwaruzika na limekata herufi bila huruma. Rupia nyingi za Mjerumani na riale nyingi zimetobolewa hivyo, au zimechomewa kishikio, kwa sababu bibi zetu walizivaa. Kwa mkusanyaji hizo zimeumia. Kwa familia yako ni shingo ya bibi yako. Mimi sikushauri uziuze kwa bei ya sarafu iliyoumia.

Na sitaacha kusema hili, maana limewaumiza watu ninaowafahamu. Yapo maneno mitaani kwamba rupia za Mjerumani zina zebaki ndani, au zina nguvu ya kuvuta sindano, au kuna Mzungu anazinunua kwa bei ya nyumba. Rupia ya Mjerumani ni fedha iliyochanganywa na shaba. Haina kitu kingine. Mtu anayekutaka utoe pesa kwanza ili "ipimwe nguvu" anakuibia. Nimemjua mzee aliyeuza shamba kwa ajili ya kipimo hicho, na sarafu yake ilikuwa rupia ya kawaida kabisa, ya kuwekwa kwenye sahani ukaitazama kwa furaha. Vilevile, ukikuta sarafu kwenye magofu, Kilwa au kwingineko, iache mahali pake na uwaarifu watu wa mambo ya kale. Sarafu ya Kilwa ikishatolewa kwenye udongo wake bila kuandikwa ilikolala, imepoteza nusu ya yale iliyokuwa ikiyajua.

Tuje kwenye bei, maana najua ndiko mlikokuwa mnaningoja.

Hakuna kitabu kitakachokupa bei ya ila. Sarafu ya kawaida ina bei katika orodha, lakini kila ila ni mtoto wa pekee. Unachoweza kufanya ni kujiuliza. Je, ni ila kweli, au sarafu imeumia? Je, ni kubwa, inaonekana bila lenzi? Je, mwaka na jina la nchi bado vinasomeka? Sarafu iliyopigwa nusu kando ikiwa na mwaka wake ina thamani kuliko isiyo nao, kwa sababu haina utata juu ya ilikotoka. Je, hali yake ikoje, imelika au bado ina ukali? Na swali ambalo watu hulisahau: nani anaitaka? Wanaokusanya ila za sarafu za Marekani ni wengi sana, na ndiyo maana senti yao ya 1955 yenye maandishi pacha ina bei kubwa, japo zilitoka nyingi. Wanaokusanya ila za Afrika Mashariki ni wachache. Ila yako inaweza kuwa adimu kuliko ile ya Marekani na bado ikapata bei ndogo. Linaniuma, lakini ndivyo soko lilivyo leo.

Nitawapa mfano mmoja wa jinsi bei inavyocheza. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha picha za sarafu zake. Katika peni ishirini, mwaka ulikuwa upande wa nyuma, ukahamishiwa upande wa malkia. Kiwandani mtu akaweka chapa ya zamani ya malkia pamoja na chapa mpya ya nyuma. Mnaona kilichotokea? Chapa ya zamani haina mwaka kwa sababu mwaka ulikuwa nyuma. Chapa mpya haina mwaka kwa sababu umehamia mbele. Zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote, kwa maelfu, zikaingia mifukoni mwa watu. Habari zilipovuma watu wakaomba bei za ajabu. Miezi ikapita, ikajulikana kuwa ni nyingi, bei ikatulia kwenye makumi ya pauni. Ni pesa nzuri kwa peni ishirini. Lakini aliyenunua siku ya kwanza kwa bei ya uvumi alilia.

Kwa hiyo, ukitafuta bei, usisome bei inayoombwa. Mtu yeyote anaweza kuomba milioni kumi kwa senti ya tundu. Tafuta bei iliyolipwa, katika kumbukumbu za minada iliyokwisha. Bei inayoombwa na bei iliyolipwa, ni kama mahari inayotajwa na mahari inayopokelewa. Kuna makampuni Marekani yanayothibitisha sarafu na kuzifunga katika plastiki, NGC na PCGS ndiyo makubwa. Kwa rupia ya tembo, fanya hivyo. Kwa hela ishirini yenye ufa mdogo, gharama ya posta tu itaimeza.

Na la mwisho, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Usisafishe. Nakuomba. Usisugue kwa majivu, usiloweke kwenye ndimu wala ukwaju, usitumie dawa ya meno. Ile rangi ya kahawia iliyokolea ni ngozi ya sarafu, imechukua miaka mia moja kuota. Ukiiondoa sarafu inang'aa kama imechubuliwa, na mkusanyaji ataiona kutoka mlangoni. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye karatasi kavu, ibaki na uchafu wake.

Niliwaambia mstari ule tutaurudia. Hela hii niliyoiangusha mezani ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vifungo na sindano. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa nikiitoa nikipitisha ukucha juu yake. Kulikuwa na uzi uliovimba, unatoka ukingoni unakwenda moja kwa moja hadi chini ya taji. Mimi nikadhani ni uchafu ulioganda. Nikataka kumfurahisha bibi. Nikaiweka kwenye ndimu usiku kucha, na asubuhi nikachukua kipande cha msasa cha mjomba aliyekuwa seremala, nikaanza katikati, nikisugua kuelekea pembeni. Bibi alinikuta nimefika nusu. Hakunigombeza. Aliichukua, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaitazama kwenye jua la mlangoni muda mrefu, akairudisha koponi.

Ndiyo maana mstari wenyewe unapotea kabla haujalifikia taji. Nusu iliyobaki ninayo hapa chini ya kidole, bado imevimba. Fundi mitambo, kabla hujatuletea muziki, niruhusu niwasikilizishe mara moja tena.